Wasomaji Wanauliza: Kivumishi cha Kiingereza kinageukaje kitenzi?

Barua za safari hii, kutoka Goma na Bukavu, zinazunguka jambo moja. Mtu anakijua kivumishi cha Kiingereza vizuri, lakini akitaka kukigeuza kitenzi anakwama, au anaunda neno ambalo halimo katika kamusi yoyote. Mipaka ya Rwanda na Uganda iko jirani, na tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiingereza sasa ni chombo cha kazi, si somo la darasani tu, kwa hiyo tumejibu kwa kirefu pale jambo linapohitaji kirefu.

Jambo, waalimu. Niko mwaka wa tano wa sekondari. Tulifundishwa kwamba “black” inatoa “blacken” na “white” inatoa “whiten”. Kwenye zoezi nikaandika “greenen” na “cleanen”, nikapata sifuri. Kwa nini rangi moja inakubali na nyingine inakataa?
*Mwanafunzi, Katindo, Goma*

Jambo, mwanafunzi wetu. Kanuni uliyoifuata ni ya kweli. Kilichokuponyoka ni sharti lake. Kiambishi “-en” hakichagui kivumishi kwa maana, kwa hiyo neno kuwa rangi au kutokuwa rangi si hoja. Kinachagua kwa sauti ya mwisho.

Tamka kivumishi kwa sauti na utege sikio mwishoni. Kama pumzi inazibwa au inakwaruza, yaani neno linaishia kwa sauti ya p, t, k, d, f, s, sh au th, basi “-en” inaweza kuingia. “Cheap” inatoa “cheapen”, “short” inatoa “shorten”, “dark” inatoa “darken”, “wide” inatoa “widen”, “deaf” inatoa “deafen”, “loose” inatoa “loosen”, “fresh” inatoa “freshen”. Kama mwishoni pumzi inapita bila kuzuiwa, puani kwa m na n, pembeni mwa ulimi kwa l, au kinywa wazi kwa vokali, “-en” haishiki. “Green”, “clean”, “thin” na “brown” zinaishia kwa n. “Warm”, “calm” na “dim” zinaishia kwa m. “Cool” na “dull” zinaishia kwa l. “Dry”, “slow”, “narrow” na “empty” zinaishia kwa vokali. Zote hizo zinakataa.

Angalia kwamba tunasema sauti, si herufi. “Rough” na “tough” kwa macho zinaishia kwa h, lakini kwa sikio zinaishia kwa f, ndiyo maana tuna “roughen” na “toughen”. “High” inafanana nazo kwenye karatasi, lakini sikioni inaishia kwa vokali, na “highen” haipo. “Numb”, yaani yenye ganzi, ina b ya kuandikwa tu. Sikioni ni m, na kitenzi chake ni “numb” vilevile.

Sasa, vivumishi vilivyokataa “-en” havibaki bila kitenzi. Vingi vinatumika vilivyo, bila kuongezwa chochote: “clean the table”, “dry the cassava”, “empty the bucket”, “slow the car”. Kinachobadilika ni mikia ya nyakati, na hapo ndipo wanafunzi wanapoteza alama: “dry” inakuwa “dried”, “empty” inakuwa “emptied”, “thin” inakuwa “thinned”, “dim” inakuwa “dimmed”. “Green” ungeiokoa kwa kuandika “turn green” au “make green”. “Clean” ungeiacha ilivyo.

Sharti la pili ni urefu. “-en” inapenda kivumishi cha silabi moja. Ndiyo maana hatusikii “solid” wala “stupid” zikichukua “-en”, ingawa zinaishia kwa d safi kabisa.

Na ukishatimiza masharti yote mawili, ujue umepata ruhusa tu, hujapata amri. “Cold” ni silabi moja na inaishia kwa d, lakini “colden” haipo: tunasema “cool” au “get cold”. “Wet” inaishia kwa t, na kitenzi chake ni “wet” hivyo hivyo. “Hot” ina kitenzi chake cha zamani, “heat”, na “full” ina “fill”. Hapo Kiingereza kilibadilisha vokali ya ndani badala ya kuongeza mkia. Haya ni machache, yakariri. Hata kwetu mapengo yapo: fupi inatoa fupisha, lakini hakuna anayesema “ekundusha”.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ndilo linaloharibu sentensi nyingi zaidi kuliko tahajia. Kiswahili kina mikia miwili. Fupi inatoa fupisha, mtu akitenda, na fupika, kitu kikijiendea chenyewe. Imara inatoa imarisha na imarika. Kiingereza kwa “-en” kina mkia mmoja unaofanya kazi zote mbili. “They widened the road” ni waliipanua barabara. “The road widens here” ni barabara inapanuka hapa. Kinachotofautisha ni kama kuna mtendwa baada ya kitenzi. Kwa hiyo mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipofika uwanja wa ndege wa Goma, tunaweza kuandika “The lava shortened the runway”, kwa sababu iliifunika sehemu yake. Na kisha “The lava hardened”, kwa sababu iliganda yenyewe. Mtu anayeandika “The lava was harden” amekosea mara mbili: ameleta “was” isiyohitajika, na amesahau “-ed”. Kama kuna mtendaji aliyefichwa, sema “The road was widened”, ilipanuliwa. Kama hakuna, sema “The road widened”, ilipanuka. Kabla ya kuandika, jiulize kwa Kiswahili: ni -sha, ni -ka, au ni -liwa? Jibu litakupa sentensi ya Kiingereza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi wangu wanaandika “longen” na “strongen”, na nikiwasahihisha wananiuliza hiyo “th” imetoka wapi. Niwaambie nini?
*Mwalimu, Kadutu, Bukavu*

Mwalimu mwenzetu, waambie ukweli wa sauti, watauelewa upesi kwa sababu Kiswahili kina sauti hiyohiyo. “Long” na “strong” zinaishia kwa sauti ya puani, ile ya mwanzo wa ng'ombe. Tumeona kwamba “-en” haishiki kwenye sauti ya puani. Kiingereza kikazunguka kwa nyuma: kikachukua nomino, “length” na “strength”, ambazo zinaishia kwa th, na th inaruhusu. Hivyo “lengthen” na “strengthen”. “High” nayo, iliyoishia kwa vokali, ikapitia nomino yake “height” yenye t: “heighten”.

Vitatu hivyo vinatosha kufundishwa kama kundi. Ukitaka kuongeza, onyesha kwamba nomino nyingine chache zinafanya vilevile bila kivumishi kuhusika: “fright” inatoa “frighten”, “threat” inatoa “threaten”, “haste” inatoa “hasten”.

Tahadhari mbili za darasani. Ukishawafundisha njia ya nomino, wenye bidii wataipeleka mahali isipohitajika na kuandika “depthen” na “widthen”. Wakumbushe kwamba “deep” inaishia kwa p na “wide” kwa d. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, hapakuwa na haja ya kuzunguka: “deepen”, “widen”. Ya pili ni mpangilio wa herufi. Kosa la “lenghten” na “strenghten” limeenea mno. Waandikishe kwanza nomino peke yake, n-g-t-h, wakishaizoea ndipo waongeze “-en”.

Na maana ya “heighten” waeleze vizuri. Hutumika zaidi kwa visivyoshikika, kama wasiwasi, hofu au hamu. Ukuta hatu-“heighten”, tunau-“raise”. “Lengthen” haina shida hiyo: fundi cherehani anaweza ku-“lengthen” sketi asubuhi na ku-“shorten” suruali jioni.

Ninaandika ripoti za shirika kwa Kiingereza, lakini kichwani zinakuja kwa Kifaransa. Niliandika: “We sensibilized the population, we realized three water points and we want to perennize them.” Mkubwa wangu, ambaye alisomea Kampala, amenirudishia akisema haelewi. Kosa liko wapi, wakati maneno yote yanatokana na Kifaransa sahihi?
*Msomaji, Himbi, Goma*

Papa au Mama, hukutuambia, salamu kwako. Tunakushukuru kwa sentensi hiyo kwa sababu imebeba karibu matatizo yote ya mtu aliyesomea Kifaransa. Tuanze na faida uliyo nayo, maana ni kubwa.

Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa katika mahakama na majumba ya wakubwa kwa vizazi vingi, na Kiingereza kikaanza kumeza maneno yake kwa wingi. Ndiyo maana mikia miwili ya Kifaransa imo katika Kiingereza hadi leo ikiwa karibu haijabadilika. Kifaransa “-ifier” ni Kiingereza “-ify”, na asili yake ni Kilatini “facere”, kufanya. Kifaransa “-iser” ni Kiingereza “-ize”, na asili yake ya mbali ni Kigiriki. Kwa hiyo “simplifier, purifier, clarifier, diversifier, intensifier” zinakupa “simplify, purify, clarify, diversify, intensify”. Na “moderniser, légaliser, normaliser, privatiser, stériliser” zinakupa “modernize, legalize, normalize, privatize, sterilize”. Hapo unaweza kukisia na mara nyingi utapatia.

Kundi la tatu ni vitenzi vya Kifaransa vya “-ir” vilivyotokana na vivumishi: “noircir, blanchir, durcir, raccourcir, approfondir, épaissir, affaiblir, mûrir”. Hivi kwa kawaida havikuhamia. Mahali pake Kiingereza kilibaki na mkia wake wa asili, “-en”: “blacken, whiten, harden, shorten, deepen, thicken, weaken, ripen”. Kumbuka hivyo utajiepusha na makosa mengi: ukisikia “-ir” ya kivumishi kichwani, tafuta “-en” kwanza, kisha upime sauti ya mwisho kama tulivyomweleza mwanafunzi wa Katindo. “Ralentir” itakupeleka kwenye “slow”, inayoishia kwa vokali, basi ni “slow down”. “Refroidir” ni “cool”.

Sasa mitego. Kifaransa cha ofisi kinapenda kuzaa vitenzi vya “-iser” kila siku, na Kiingereza hakikifuati. Unapoona “-abiliser” au “-ibiliser”, simama. “Rentabiliser” ni “make profitable”. “Fiabiliser” ni “make reliable”. “Responsabiliser” ni “give responsibility to”, na mara nyingine “empower”. “Sensibiliser” ni “raise awareness among”. Utakutana na “sensitize” katika ripoti nyingi za mashirika Afrika na msomaji wa huku ataielewa, lakini nje ya hapo wengi huitafsiri kwa maana ya kitabibu, mwili kuanza kuitikia kitu fulani kwa ukali, kwa hiyo tunashauri “raise awareness”. “Stabiliser” ndiyo iliyopona: “stabilize” ipo na ni sahihi.

“Pérenniser” haina ndugu Kiingereza. Andika “make sustainable”, au ukiwa na nafasi, sema wazi unachokitaka: pampu ziendelee kufanya kazi baada ya mradi kuisha. “Officialiser” ni “make official”. “Actualiser” ni “update”. “Actualize” ipo, lakini maana yake ni kufanya jambo liwe halisi. “Sécuriser” ni “secure” tu, kivumishi kinachotumika kama kitenzi bila mkia. Ukiandika “securize” utarudishiwa tena.

“Realize” ndiyo hatari kuliko zote kwa sababu neno lipo, kwa hiyo hata kompyuta haitakuwekea mstari mwekundu. Lakini katika Kiingereza cha kawaida “realize” ni kung'amua. “We realized three water points” inamwacha mkubwa wako akijiuliza mling'amua nini. Mradi hu-“implement” au hu-“carry out”; kisima hu-“build” au hu-“dig”.

Sentensi yako ingekuwa: “We raised awareness among the population and built three water points, which we want to make sustainable.” Utaona kwamba “make” pamoja na kivumishi imefanya kazi ambayo Kifaransa kinaifanya kwa mkia. Usione haya kuitumia. Ukiwa na shaka juu ya kitenzi, “make” na kivumishi si kosa kamwe, wakati neno la kubuni ni kosa kila mara.

Nitajuaje kama neno linataka “-ify” au “-ize”? Niliandika “simplize” na “modernify”.
*Mwanafunzi, Ndosho, Goma*

Pima urefu na mkia wa kivumishi. Vifupi vya asili ya Kilatini au Kifaransa, vya silabi moja au vyenye mkazo mwishoni, huelekea “-ify”: “pure”, “false”, “just”, “null”, “intense”, “diverse”. Vinavyoishia kwa “-id” huelekea hukohuko: “solidify”, “humidify”, “acidify”, ila “valid” inatoa “validate”. “Clear” inabadilika ndani na kuwa “clarify”.

Virefu vyenye mwisho usio na mkazo, hasa vya “-al”, “-ar”, “-an”, “-ile” na “-ern”, huelekea “-ize”: “national”, “popular”, “urban”, “fertile”, “modern”. Mfano mzuri unausikia redioni wakati wa mpira. Goli la kusawazisha linaitwa “equalizer”, kutoka “equal”, sawa, na “equalize”, sawazisha. Kiswahili na Kiingereza vimetembea njia moja hapo.

Vya “-ic” vinagawanyika. “Public” inatoa “publicize”, na ile c inageuka sauti ya s. “Domestic” na “authentic” zinachukua “-ate”: “domesticate”, “authenticate”. Hapa kamusi ndiyo mwamuzi.

Usiisahau sauti ya mkazo. “-ize” haihamishi mkazo: “national” na “nationalize” zote zinakazwa kwenye silabi ya kwanza. “-ify” inauvuta hadi silabi iliyo mbele yake moja kwa moja: “solid” inakazwa kwenye “so”, lakini “solidify” inakazwa kwenye “li”. Ukikosea hapo msikilizaji atapotea hata kama umeandika vizuri.

Ninajaza karatasi za mizigo mpakani. Wengine wanaandika “authorise”, wengine “authorize”. Ipi ni kosa?
*Msomaji, Birere, Goma*

Hakuna kosa, ila karatasi moja isichanganye zote mbili. Marekani huandika z. Uingereza watu wengi na magazeti mengi huandika s, lakini kamusi za Oxford huweka z mbele, kwa sababu asili ya Kigiriki ina z. Kwa hiyo kudai kwamba z ni ya Kimarekani tu si sahihi. Umoja wa Mataifa hufuata tahajia ya Kiingereza cha Uingereza na bado huandika z. Jina rasmi la MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kwa Kiingereza lina “Organization” na “Stabilization”, zote kwa z, wakati jina lake la Kifaransa lina “Organisation” na “stabilisation” kwa s. Ukiwaandikia Waganda au Wakenya, s itawazoeleka zaidi.

Kuna maneno ambayo hayana ruhusa hiyo. “Advise”, “revise”, “supervise”, “exercise”, “surprise”, “compromise” na “advertise” huandikwa kwa s kila mahali, hata Marekani. Si vivumishi vilivyoongezwa mkia. Katika mengi ya hayo “-ise” ni sehemu ya shina lenyewe. Kipimo rahisi, ingawa “advertise” inakikwepa: ondoa mkia uone kama kinabaki kivumishi au nomino inayohusiana. “Legalize” inakuachia “legal”. “Supervise” inakuachia “superv”, ambayo si kitu.

Na kwa kuwa wengine wameuliza tahajia nyingine, tuzimalize hapahapa. Kwa “-en”, kivumishi chenye e mwishoni huongezewa n tu: “wide”, “widen”, “ripe”, “ripen”. Chenye vokali moja na konsonanti moja mwishoni hurudufu konsonanti: “red”, “redden”, “fat”, “fatten”, “sad”, “sadden”, “flat”, “flatten”. Chenye herufi mbili za vokali hakirudufu: “sweeten”, “deafen”. Ukifika kwenye wakati uliopita, n ya “-en” hairudufiwi: “shortened”, si “shortenned”.

“-ify” ina maneno manne ya kawaida yanayoandikwa kwa e: “liquefy”, “rarefy”, “putrefy”, “stupefy”. Mwingereza anayakariri kwa taabu, lakini wewe uliyesoma Kifaransa unayo dawa: “liquéfier, raréfier, putréfier, stupéfier” zina é, na mahali penye é ya Kifaransa ndipo penye e ya Kiingereza. Nomino zake pia hazifuati wenzao. “Simplify” inatoa “simplification”, lakini “liquefy” inatoa “liquefaction”.

Mbona “large” haitoi “largen”, na “rich” haitoi “richen”?
*Msomaji, Nguba, Bukavu*

Kwa sababu zimewekewa kiambishi mbele badala ya nyuma: “enlarge”, “enrich”. Ndugu zake ni “enable” kutoka “able”, “ensure” kutoka “sure”, na mbele ya b inageuka “em-”: “embitter”. “Enrichir” ya Kifaransa itakukumbusha. Machache yamefungwa pande zote mbili, “enlighten” kutoka “light” na “embolden” kutoka “bold”.

Tofauti na vitenzi vya “-en”, hivi kwa kawaida vinadai mtendwa. Huwezi kusema “The city enriched” ukimaanisha ulitajirika. Sema “The city grew rich”. Nomino zake huchukua “-ment”: “enlargement”, “enrichment”. Usiipeleke “-ment” hiyo kwa wenzao wa “-en” tupu. “Raccourcissement” ni “shortening”, hakuna “shortenment”.

Ninauza vitenge. Mteja kutoka Uganda aliponiomba nipunguze bei nilimwambia “I can cheapen it for you”, akakunja uso. Nilimtukana?
*Mama muuzaji, soko la Virunga, Goma*

Hapana, mama, lakini uliidharau bidhaa yako mwenyewe. “Cheapen” imeundwa sawasawa na kanuni, ila matumizi yake yameegemea kwenye kushusha hadhi. Bei hu-“lower” au hu-“reduce”. Sema “I can lower the price for you”. Hiyo “lower” ni kivumishi cha kulinganisha kilichogeuzwa kitenzi bila kuongezwa kitu, na ni sahihi kabisa.

Kuna wengine wa namna hiyo, ambao umbo lao linaahidi jambo na matumizi yanaleta jingine. “Fasten” imetoka kwenye “fast” ya zamani yenye maana ya imara, iliyokazwa. Ndiyo maana kwenye gari au ndege utaambiwa “fasten your seat belt”, funga mkanda. Ukitaka kazi iende mbio sema “speed up”. “Fatten” ni kunenepesha ng'ombe au nguruwe kwa ajili ya kuchinjwa. Mtu amwambiaye mgeni “this food will fatten you” hajamsifu. Mtu hu-“gain weight”. Na “lighten” ina macho mawili kwa kuwa “light” ni nyepesi na pia ni angavu: ku-“lighten” mzigo wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni kuupunguzia uzito, ku-“lighten” rangi ni kuifanya iwe angavu zaidi.

“Golden” na “broken” nazo ni vitenzi?
*Mwanafunzi, Bagira, Bukavu*

Hapana. Kiingereza kina “-en” tatu zinazofanana sura. Ya kwanza inageuza kivumishi kuwa kitenzi, “harden”. Ya pili inageuza nomino ya kitu kuwa kivumishi, “golden” ya dhahabu, “wooden” ya mbao. Ya tatu ni umbo la kitenzi lililotimia, “broken”, “written”, “fallen”. Pachika “to” mbele ujaribu: “to harden” inakaa, “to golden” na “to broken” hazikai.

Mwalimu wetu anatamka “widen” kama mwisho wa “examen”. Ni sawa?
*Mwanafunzi, Mabanga, Goma*

Hapo Kifaransa kimeingilia. “-en” ya Kiingereza haina mkazo, na vokali yake karibu haisikiki. Tamka silabi ya kwanza kwa nguvu, kisha funga na n fupi: “waid-n”, “shot-n”, “dip-n”. Usiipitishe puani kama Kifaransa, wala usiimalizie kwa i ukasema “waideni”.

Na pale kivumishi kinapoishia kwa “ft” au “st”, ile t inanyamaza ukiongeza “-en”. “Soft” ina t, “soften” haina: “sof-n”. “Moist” inakuwa “mois-n”, “fast” inakuwa “fas-n”. Kwenye imla andika t ingawa huisikii. Katika “shorten”, “sweeten” na “tighten” t inabaki na inasikika.